Gia na Breki za Kupandia Bereko: Shajara ya Kufufua Baiskeli ya Chuma

Mei, Jumamosi ya pili

Baiskeli imefika nyumbani Nkuhungu, Dodoma, jana jioni juu ya bodaboda, magurudumu yamefungwa kwa mpira kando yake. Ilikuwa imekaa miezi mingi kwa muuza mitumba, nyuma ya rundo la baiskeli za milimani, na haikuwa vigumu kuona kwa nini hakuna aliyeitaka. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, matairi yamekauka yakapasuka, na mwenyewe wa zamani aliipaka kwa brashi rangi ya bluu ya kupakia milango. Mimi niliangalia maungio. Kila bomba linapokutana na jingine pana soketi ya chuma iliyochongwa hadi ikawa na ncha nyembamba, kazi ya mtu aliyekuwa na muda na tupa. Nilipoligonga bomba la juu kwa ukucha liliitika kama kengele.

Leo nimekwangua rangi kwa msasa. Chini kidogo ya kiti kimebaki kipande cha stika chenye tarakimu tatu: 531. Nimeketi sakafuni nikaitazama kwa muda. Hiyo ni Reynolds 531, chuma chenye manganizi na molibdeni kilichoanza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1935, na kwa miongo kadhaa baiskeli nyingi bora za safari na za mashindano zilitengenezwa nacho. Jina la aliyeiunda fremu limefutika. Masikio ya nyuma, pale ekseli inapokaa, yameachana kwa milimita 126, upana wa zama za gia sita nyuma, yaani mwishoni mwa miaka ya 1970 au miaka ya 1980. Ina matundu ya keria na ya madigadi mbele na nyuma. Iliundwa ibebe mizigo iende mbali.

Ninataka kuipeleka Babati. Kwa barabara ni kilomita 251 kutoka Dodoma, nami nimejipangia siku nne: Mayamaya, Haneti, Chemba, usiku mmoja Kondoa kwa bibi mzaa mama, kisha Kolo kwenye michoro ya miambani. Baada ya Kolo barabara inapanda kwenda Bereko, na baada ya Bereko inateremka kuelekea Bonga na Babati. Mapando yale yataamua gia zangu na mteremko ule utaamua breki zangu, kwa hiyo nitaandika hayo mawili tu. Rangi, kiti na kengele nitayafanya kimyakimya.

Kesho yake, Jumapili

Sijafungua hata nati moja. Nimeona nipime kwanza, nisije nikasifia kazi yangu baadaye bila ushahidi.

Breki: matairi ya zamani yanashika upepo kwa nusu saa, ikatosha. Nilichora mstari wa chaki kwenye lami, nikaja kwa kilomita 20 kwa saa, nikabana breki zote mbili mstarini. Baiskeli ilisimama baada ya mita 9. Kisha mdogo wangu akamwagia maji kwenye rimu kutoka kwenye kidumu, nikarudia. Mita 17. Rimu ni za chuma zilizopakwa kromiamu, na maji yakikaa juu ya kromiamu raba haina cha kushika. Raba zenyewe zimekuwa ngumu kama kwato.

Gia: meno ya mbele ni 52 na 42. Nyuma ni kuanzia 14 hadi 28. Kila mtoto wa mtaa aliyekuja kuiangalia ameuliza, "Ina gia ngapi?" Ina kumi na mbili. Lakini swali ninalojiuliza mimi ni jingine: ukizungusha pedeli mzunguko mmoja kamili, baiskeli inasogea mita ngapi? Unachukua meno ya mbele, unagawanya kwa meno ya nyuma, unazidisha kwa mzingo wa tairi. Tairi hili lina mzingo wa mita 2.16. Gia nyepesi kuliko zote ni 42 kwa 28, ambayo ni 1.5, mara 2.16, inakuja mita 3.24. Gia nzito kuliko zote, 52 kwa 14, inasogea mita 8.02.

Mita 3.24 ni nyingi mno kwa mlima. Mimi nina kilo 68, baiskeli na keria kama 15, mizigo na maji 22, jumla 105. Kwenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, kwenda kilomita 6 kwa saa kunadai kama wati 115 kutoka miguuni. Hiyo ninaiweza kwa saa nzima. Ila kwa mwendo huo gia ya mita 3.24 ingenifanya nizungushe pedeli mara 31 tu kwa dakika, kila mzunguko ukiwa ni kusimama juu ya pedeli na kuvunja magoti. Nikitaka kuzungusha mara 60, mwendo ambao magoti yanaufurahia, lazima niende karibu kilomita 12 kwa saa, na hapo mlima unadai karibu wati 230. Sina. Ninafundisha mashine rahisi kidato cha pili, ninachora puli na roda ubaoni kila mwaka, na nakiri hesabu hii haijawahi kunigusa mwilini kama leo.

Mei, wiki ya nne

Nimepoteza Jumamosi nzima kwa ajili ya tairi, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu mwingine atapoteza yake pia.

Rimu za baiskeli hii ni za inchi 27. Nimezunguka Majengo na Sabasaba, tairi la 27 halipo. Duka moja likaniambia chukua la 28, ni lilelile. Nikalichukua. Nyumbani likaingia kwenye rimu bila hata kusukumwa, likacheza kama gauni la kuazima, na nilipojaza upepo likaruka nje. Ndipo nikasoma ubavuni: 40-635. Kwenye rimu yangu imechongwa 630. Tarakimu hizo tatu ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokalia rimu, na hazidanganyi. Zile za inchi zinadanganya. Tairi la baiskeli ya Phoenix, lile la 28 kwa 1½, ni 635. La inchi 27 ni 630. Zile za 700C, ambazo baadhi ya watengenezaji nao huziandika 28, ni 622. Baiskeli ya milimani ya 26 ni 559. Kuanzia leo sisomi inchi.

Kwa hiyo nimeshaamua: gurudumu litakuwa 622. Baiskeli za mtumba za mjini zinazotoka Ulaya zinalo, matairi yake yanapatikana Dodoma kwa upana wa 35, na rimu zake ni za alumini. Fremu ya 630 inaipokea vizuri kwa kuwa gurudumu ni dogo zaidi, na hewa inayobaki chini ya madigadi inanipa nafasi ya tairi nene. Kwa mbigili za huku, tairi nene ni riziki.

Ila uamuzi huo umehamisha breki. Kutoka 630 hadi 622 ni milimita 8 za kipenyo, yaani milimita 4 kwa kila upande. Raba ambazo zilikuwa zinaangukia katikati ya rimu sasa zinapaswa kushuka milimita 4. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Juni 3

Nimepima kwa vernia ya maabara. Kutoka tundu la bolti ya breki hadi mahali raba inapotakiwa kugusa rimu ya 622: mbele milimita 65, nyuma milimita 70. Huo ni urefu mkubwa. Breki za rimu za baiskeli za mashindano za siku hizi, hata zile ndefu, hufika 57 tu. Nimeiweka kila njia mezani, na kila moja nimeipa nafasi ya kweli.

Nilianza na breki za V, zile za mikono miwili mirefu inayosimama pande mbili za gurudumu, kwa kuwa zimejaa kila mahali. Zinabana kwa nguvu, raba zake zinauzwa hadi kwenye magenge. Lakini zinahitaji vishikizo viwili vilivyounganishwa kwenye foki na kwenye mabomba ya nyuma, na fremu hii haina. Fundi wa kuchomelea madirisha hapa mtaani alisema ataviweka kwa dakika kumi. Ninamheshimu, ni kijana hodari, lakini nilikataa. Mabomba ya 531 ni membamba na yalitengenezwa yaungwe kwa shaba, kwa moto wa gesi usiofikia kuyeyusha chuma chenyewe. Umeme wa kuchomelea unaunguza sehemu ndogo kwa joto kali mno, na pembeni ya kovu chuma kinakuwa kigumu na chepesi kukatika. Foki ikikatika kwenye mteremko wa Bereko hakuna cha kuzungumza tena. Isitoshe, breki za V zinavuta waya mrefu kuliko vibano vya usukani huu vinavyoweza kuvuta, kwa hiyo ningelazimika kubadilisha na vibano.

Breki za sahani, zile za diski, nimeziacha haraka. Zinaweka mzigo wote kwenye mguu mmoja wa foki, na foki hii haikuumbwa hivyo.

Breki za fimbo za Phoenix nilizifikiria kuliko nilivyotarajia. Hazina waya wa kukatika, na mzee anayeuza maji kwa jirani yangu anazitumia tangu ujana wake bila kubadilisha kitu zaidi ya raba. Ila zinabana rimu kutoka ndani, upande wa spoku, na zinataka rimu ya umbo lake. Na rimu yake ni ya chuma, tumesharudi kwenye mita 17.

Zikabaki mbili. Kuna breki mpya za kuvuta upande zenye mikono mirefu; Tektro wanayo moja, R559, inayofika kati ya milimita 55 na 73. Ingetosha mbele na nyuma. Ingelazimu kuagizwa, na bolti yake inataka tundu la nyuma lipanuliwe hadi milimita 8 ili nati yake ndefu izame ndani. Na kuna zile zilizokuja na baiskeli yenyewe: Weinmann za kuvuta katikati, mikono miwili iliyopishana juu ya tairi, waya mfupi ukiiunganisha na waya mkuu ukiuvuta ule mfupi kwenda juu. Kwenye mkono wa nyuma imechongwa 750. Nimelegeza raba nikazishusha hadi mwisho wa mfereji: zinapita 70 na bado zina nafasi.

Usiku nimezifungua zote. Bushi hazijalika. Springi ni nzima. Egemeo za mikono zilikuwa zimejaa grisi iliyogeuka gundi. Nimeziosha kwa mafuta ya taa, zikaanza kurudi zenyewe kwa mlio mdogo wa chuma safi. Zile mita 9 hazikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa la raba zilizokufa, waya ulioshika kutu ndani ya ganda lake, na rimu ya kromiamu. Nimeamua zinabaki.

Juni, Jumamosi ya tatu

Leo nimekwenda kwa fundi wangu, karibu na soko la Majengo. Nilimsalimia, akaitikia "Marahaba, mwalimu" bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu alilokuwa akilinyoosha. Nilimwambia nataka habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, iwe ya kaseti, si ya friwili.

Hapa niweke wazi tofauti. Friwili ni kile kifurushi cha meno kinachokazwa kwa nyuzi juu ya habu, na utaratibu wa kuzunguka bure umo ndani yake. Kaseti ni meno matupu yanayovalishwa kwenye bomba lililo sehemu ya habu yenyewe, na utaratibu wa kuzunguka bure umo kwenye habu. Kwa macho ni vilevile.

"Mwalimu, friwili ipo kila duka," akasema. "Ukifika Chemba ikakufia, unanunua, unakaza, unaondoka. Hiyo kaseti utamuuliza nani?"

Hoja yake ni ya kweli, nami nilikuwa tayari kukubali. Kisha nikaona ndoo pembeni ya benchi lake. Ilikuwa imejaa ekseli za nyuma, zilizopinda na zilizokatika, zaidi ya hamsini. Nikachukua moja, nyingine, ya tatu. Zote zimekatika upande uleule, upande wa cheni, sehemu ileile.

"Hizi zimetoka kwenye habu gani, mzee?"

Akaniangalia, akaiangalia ndoo. "Za friwili. Zote."

Sababu ni fizikia tupu. Kwenye habu ya friwili gololi za kulia zinabaki ndani, nyuma ya kifurushi chote cha meno. Kadiri meno yanavyoongezeka, gololi zinakaa mbali zaidi na sikio la fremu, na kipande cha ekseli kinachoning'inia bila kushikwa kinarefuka. Mzigo wa keria unakipinda kila gurudumu linapoingia shimoni. Na gia saba za friwili kwenye habu pana ya baiskeli ya milimani ndiyo hali mbaya kuliko zote. Kwenye habu ya kaseti gololi za kulia zinahamia nje, chini ya meno, karibu na sikio. Shimano walianza kuuza habu ya namna hiyo mwaka 1978, na tatizo la ekseli likaisha.

Tulikaa na lile jambo kimya kidogo. Yeye ana miaka thelathini anabadilisha ekseli hizo na zinamlisha. Mwisho akasema, "Kwa kilo ishirini na kitu hadi Babati, chukua yako. Lakini beba ekseli ya akiba hata hivyo." Nitaibeba.

Habu tuliyoipata ni ya mtumba, ya baiskeli ya milimani, matundu 36, upana wa milimita 135. Fremu ni 126. Chuma kinakubali kupanuliwa kikiwa baridi, na ndiyo sababu moja kubwa ya kupenda chuma, alumini usijaribu. Tulivuta kila upande milimita 4 na nusu kwa mbao mbili na bolti ndefu, kidogokidogo, maana chuma kinarudi nyuma ukikiachia, lazima ukipitilize ndipo kitulie unapotaka. Baada ya kila mvuto tulifunga uzi kutoka sikio moja, ukazunguka bomba la usukani, ukarudi sikio la pili, tukapima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kila upande. Kulia ilizidi kwa milimita 2. Tukasahihisha. Tulipomaliza jua lilikuwa limeshazama na tofauti ilikuwa haionekani kwa vernia.

Juni 24

Spoku zimekatwa fupi. Hakuna kilichofanyika.

Julai, wiki ya kwanza

Gia. Nimezichagua kuanzia chini kwenda juu: kwanza nimeuliza gia nyepesi iwe ya mita ngapi, ndipo nikakubali gia nzito yoyote itakayobaki.

Tairi la 35-622 lina mzingo wa mita 2.17. Nataka kwenda kilomita 5 na kidogo kwa saa kwenye mwinuko mkali, nikizungusha pedeli mara 60 kwa dakika. Hiyo inadai mita 1.5 kwa mzunguko. Krenki ya mbele, yaani mikono ya pedeli na sahani zake za meno, ya 48, 38 na 28, ambayo ni nzuri sana na inapendeza kwenye fremu ya zamani, ikiwekwa na meno 34 nyuma inatoa mita 1.79. Karibu, lakini haijafika. Krenki ya kawaida ya baiskeli ya milimani, 42, 32 na 22, ikiwekwa na kaseti ya 11 hadi 32, inatoa 22 kwa 32, mara 2.17: mita 1.49. Na juu? 42 kwa 11 ni mita 8.29. Ni nzito kuliko ile ya 52 kwa 14 iliyokuja na baiskeli. Nilirudia hesabu mara mbili. Jino dogo la 11 nyuma linafanya kazi yote ambayo zamani ilihitaji sahani kubwa ya mbele, kwa hiyo sipotezi chochote juu na chini ninapata zaidi ya nusu.

Krenki hiyo nimeipata kwa shilingi 20,000, mtumba, meno hayajachongoka. Tundu la krenki la fremu lina nyuzi za Kiingereza na upana wa milimita 68, nikashukuru, maana ndizo nyuzi za baiskeli nyingi za milimani pia. Kumbuka tu kikombe cha kulia kinafunguliwa kwa kuzungusha kwenda kulia. Ekseli ya krenki ya milimita 110 ilifanya sahani zikwaruze bomba la nyuma; ya 122.5 imepita salama.

Kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni lazima kiwe na mkono mrefu. Hesabu yake: tofauti ya meno ya mbele, 20, jumlisha tofauti ya nyuma, 21, ni 41. Mkono mfupi haumezi ulegevu wa cheni wa meno 41. Cheni nimeikata kwa kuipitisha kwenye sahani kubwa ya mbele na jino kubwa la nyuma kwa pamoja, bila kuipitisha kwenye kifaa, kisha nikaongeza inchi moja. Siku nikikosea gia kwa uchovu, cheni haitang'oa kitu.

Vidhibiti vya gia nimebaki na vile vya zamani, vijiti viwili kwenye bomba la chini, visivyo na "tik tik". Unasukuma hadi usikie cheni imetulia. Rafiki yangu aliniambia ni kurudi nyuma. Sikubaliani naye kabisa. Kidhibiti cha kubofya kinataka waya, ganda, kaseti na kifaa vyote viwe vya familia moja na vyote viwe safi. Vumbi la Dodoma likiingia kwenye ganda, hatua zinapotea. Kijiti hiki hakijali kaseti imetoka wapi. Kifaa kikigongwa na kupinda kidogo porini, mkono wangu unasahihisha palepale. Kitu kimoja kilinitia wasiwasi: kijiti kinafika mwisho wake wakati uleule cheni inapoingia kwenye 32. Hakuna hata milimita ya ziada. Kinatosha.

Julai 19

Magurudumu yamesukwa, breki zimefungwa.

Nimetumia raba za breki za V kwenye mikono ya Weinmann. Bolti yake inaingia kwenye mfereji, na washa zake za duara zinaruhusu kuinamisha raba ili ncha ya mbele iguse rimu kwanza, kwa unene wa kadi ya simu, bila kukunja mikono kwa koleo kama zamani. Mwanzoni mikono ilibaki imeachana sana. Nikahamisha washa nene nje na nyembamba ndani, ikakaa. Waya mpya, maganda mapya. Waya niliopata una kichwa cha pipa upande mmoja na cha pea upande mwingine. Vibano hivi vinataka cha pea, nikakata kile kingine. Breki ya mbele iko mkono wa kulia.

Jambo moja la usalama. Waya mkuu wa mbele ukikatika, ule mfupi wa katikati unaweza kuangukia tairi na kulikamata, na wewe ukaruka juu ya usukani. Madigadi ya mbele yapo kati yake na tairi, na nimeongeza kipande cha bati juu ya taji la foki kuudaka.

Kisha chaki, lami ileile, kilomita 20 kwa saa, safari hii na kilo 22 kwenye keria. Kavu: mita 4 na nusu. Kwa maji ya kidumu: mita 7, ambapo mzunguko wa kwanza wa gurudumu haukubana kitu, raba ikafuta maji, ndipo ikashika. Mdogo wangu alipima kwa utepe mara tatu kwa sababu sikumwamini.

Breki ya mbele ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Najua wengi hapa wanaiogopa, wengine huifungua kabisa. Unapopunguza mwendo uzito mwingi unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na linateleza tu. Sukuma matako nyuma, nyoosha mikono, bana ya mbele taratibu ukiongeza. Nimemfundisha mdogo wangu leo hiihii, na baada ya robo saa alikuwa anasimamia mstarini.

Julai 27

Asubuhi nimepanda na kushuka vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chimwaga, mara nne na mzigo wote. Gia ya 22 kwa 32 niliiingiza kabla mlima haujakaza, nikaketi, nikazungusha. Wanafunzi waliokuwa wakitembea kando yangu tulikwenda sambamba tukiongea, na mmoja akauliza ina gia ngapi. Nilimwambia ishirini na nne, kisha nikamwonyesha ile moja.

Kushuka sikuzibana breki mfululizo, nilikuwa nikibana na kuachia. Rimu zilikuwa vuguvugu tu nilipofika chini.

Agosti 3

Mayamaya na kurudi, kama kilomita 88, kilo 22. Upepo wa kiangazi ukitokea kusini-mashariki ulinikabili njia yote ya kurudi, na nilijikuta kwenye gia ya 32 kwa 21 kwenye barabara tambarare, mita 3.3, karibu sawa na gia nyepesi kuliko zote ya zamani. Karibu na Veyula kijiti cha gia ya nyuma kilianza kujirudi chenyewe kwa mtikisiko, cheni ikiporomokea kwenye meno madogo. Nilikaza skrubu yake kwa sarafu ya shilingi mia mbili, nusu mzunguko, kikatulia hadi nyumbani. Raba za nyuma zimelika kidogo upande wa kushoto, rimu imepinda kama nusu milimita.

Jumatano fundi atainyoosha. Spoku tatu za akiba na ile ekseli nimezifunga kwa mpira chini ya kiti. Bibi nimeshampigia.